Batri ya jeep ya wagonjwa si ya kuchaji simu

Leo ninataka tuzungumze juu ya batri. Najua kuna watakaouliza: watu wanakosa chakula na mahema, na mwandishi anatuletea habari ya batri? Ngojeni kwanza niwaeleze.

Kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Butembo na Kanyabayonga, kuna kituo kimoja cha afya chenye jeep moja tu ya kupita kwenye tope. Usiku mmoja wa mvua, mama mmoja aliyekimbia vita alipakiwa ndani, uchungu wa kuzaa umemshika tangu asubuhi. Shoferi akageuza ufunguo. Taa zikafifia, mota ikalia tk, tk, kisha kimya. Vijana wakajaribu kusukuma, lakini nani atasukuma jeep ya mazuti kupanda mlima wenye tope? Mama akabebwa kwa kipoyi usiku kucha. Alifika hai, na mtoto pia. Tunamshukuru Mungu, lakini siku nyingine inaweza kuwa matanga.

Asubuhi maneno yakaanza. Wenyeji wakasema: ni wakimbizi waliomaliza batri kwa kuchaji simu. Ni kweli kulikuwa na waya iliyotoka kwenye batri ya jeep, na kila jioni simu kama ishirini zilichajiwa hapo, franka 500 kwa kila moja. Lakini mimi nasema wakimbizi hawana kosa. Mama aliyepoteana na watoto wake njiani, simu ndiyo inayomletea habari zao. Tena alilipa. Pigeni hesabu: franka 500 mara ishirini ni 10 000 kwa siku, na 300 000 kwa mwezi. Pesa hizo ziliingia, na hakuna hata franka moja iliyowekwa kando kwa ajili ya batri. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni la sisi wenye kusimamia kituo.

Tuelewane juu ya jambo moja. Batri ya kuwasha gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu mota inaijaza tena. Ukiitumia kidogo kidogo usiku kucha hadi iishe, vibao vyake vya risasi vinaharibika. Ukirudia hivyo mara nyingi, hata iwe mpya, itakufa kabla ya wakati wake. Kazi ya kuchaji simu na kuwasha taa inataka batri ya sola, iliyotengenezwa kutoa umeme polepole, pamoja na kibao chake cha jua. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: simu za wakimbizi ziendelee kuchajiwa, lakini kwa batri yake ya sola, na pesa zinazoingia ziwekwe katika daftari, wazi mbele ya kamati ya afya na wajumbe wa wakimbizi. Pesa hizo hizo zitanunua batri ya jeep ikichoka.

Na siku ya kununua, tusiende sokoni kuuliza bei tu. Tubebe ile ya zamani, au tuandike namba zake: volti, ampea-saa, vipimo vya sanduku, na upande ilipo nguzo ya plasi. Mota ya mazuti inataka nguvu zaidi ya kuwasha kuliko ya petroli, hasa alfajiri ya baridi huku Lubero. Batri ndogo ya bei rahisi itawasha wiki mbili, kisha turudi kwenye kipoyi. Tuwe macho pia na batri za zamani zilizooshwa na kubandikwa karatasi mpya. Tuangalie tarehe ya kutengenezwa, na tuombe ipimwe mbele yetu. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12,6. Ikionyesha 12,0, karibu imekwisha.

Kama batri inauzwa kavu na asidi kando, ikisha kujazwa iachwe ipumzike nusu saa, kisha ichajiwe polepole kabla ya kufungwa garini. Wengi wanaruka hatua hiyo kwa haraka, na batri haifiki nguvu zake zote.

Kuitunza hakuhitaji injinia. Ifungwe imara, maana mashimo ya barabara zetu yanaitikisa hadi vibao vinavunjika ndani. Nguzo zisuguliwe unga mweupe ukionekana, zioshwe kwa bikaboneti na maji, kisha zipakwe grisi. Wakati wa kufungua, tuanze na waya ya minasi. Wakati wa kufunga, minasi iwe ya mwisho. Kwa batri yenye vifuniko, maji yakishuka tuongeze maji safi ya dukani yasiyo na chumvi. Muuzaji akisema « maji ya batri », muulize kama ni asidi au maji, kwa sababu madukani jina hilo linachanganya. Asidi haiongezwi, na maji ya mto yanaua batri. Mota ikizunguka, kipimo kionyeshe kati ya volti 13,8 na 14,4. Kama sivyo, ugonjwa uko kwa alternateri, na batri mpya haitausaidia. Jeep ikilala wiki nyingi kwa kukosa mazuti, batri ichajiwe angalau mara moja kwa mwezi. Na sigara iwe mbali, kwa sababu batri inayochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Batri iliyokufa isipasuliwe kambini ili kuyeyusha risasi. Moshi na vumbi lake vinaharibu akili za watoto. Kule Mombasa, wakaaji wa Owino Uhuru walienda mahakamani kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha batri karibu na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe. Sisi tuirudishe kwa muuzaji, atupunguzie bei.

Haya yote yanahitaji mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Kamati ya kila kituo imchague kapita wa batri, apime kila Jumatatu na kuandika katika daftari. Wajumbe wa wakimbizi nao wapewe haki ya kulisoma, kwa sababu wagonjwa wanaobebwa usiku ni wao pia.

Nanyi mnaotusikiliza, kesho pitieni kituo chenu mkaulize: batri ya jeep ilipimwa lini, na nani aliipima?