Visu Tulivyovitamani Tukaviacha

Bwana Mhariri, naomba nipewe nafasi kidogo katika jarida letu la muhula huu, niseme maneno machache juu ya visu vya kukunja, khasa vile ambavyo mtu hukitamani kimoja, akakishika, akakigeuza huku na huku, kisha akakirudisha mezani akenda zake. Mwalimu wa zamu asishituke. Sina kisu mfukoni, na sheria ya skuli naijua. Visu ninavyokusudia kuvieleza vingi haviko kwangu wala kwa mtu yeyote ninayemjua, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Nyumbani kwetu Malindi, si mbali na msikiti wenye mnara wa mfano wa pia, yuko ami yangu ambaye hukusanya visu vya kukunja. Anavyo kumi na saba ndani ya mkebe wa biskuti, kila kimoja kimepakwa mafuta ya cherahani na kuviringishwa kitambaa, kwani hewa ya bahari haina huruma na chuma. Lakini wakija wenziwe barazani baada ya sala ya alasiri, mkebe haufunguliwi. Mazungumzo yao ni ya visu ambavyo hawakuvinunua. Huyu alikiona kimoja Mombasa, akachelea kukosa nauli ya kurudia. Yule aliambiwa bei Darajani, akasema ngoja niulize duka la pili, na aliporudi kimeshauzwa. Wa tatu alikuwa Muscat yuko safarini na mkoba wa mkononi tu, na tangu yale mashambulio ya Marekani ya Septemba 2001 abiria hapiti na kisu mpaka ndani ya ndege. Ami mwenyewe ana daftari. Kurasa za mbele ameandika visu alivyo navyo, na kurasa za nyuma ameandika alivyoviacha: mwaka, mahali, bei aliyoambiwa, na sababu iliyomzuia. Orodha ya nyuma ni ndefu kuliko ya mbele.

Nilikuwa nikidhani huo ni mchezo wa watu wazima waliokosa shughuli. Likizo iliyopita ami alinipa ruhusa kulisoma daftari hilo, na tangu hapo fikra zangu zimebadilika.

Nilitazamia kukuta humo visu vya thamani kubwa. Kumbe ni vichache. Kimoja ni cha Uswisi, chekundu chenye msalaba, alichokiona kwa mgeni aliyekuwa akiuza vitu vyake kabla ya kusafiri. Visu hivyo vina khabari yake. Karl Elsener alifungua karakana kijijini Ibach, katika jimbo la Schwyz, mwaka wa 1884, na mwaka wa 1891 akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya askari. Kile cha maofisa, chenye kizibuo, alikisajili tarehe 12 Juni 1897. Mama yake alipofariki mwaka wa 1909 akaitumia Victoria, jina la mama huyo, kuwa alama ya biashara yake, na baadaye likaongezwa neno la kuonyesha chuma kisichoshika kutu, ndipo likapatikana jina la Victorinox. Ami alikiacha kwa sababu ya bei, lakini hakimkoseshi usingizi. Asema kiwanda kingali kinafanya kazi, na mwenye fedha atakipata kesho na kesho kutwa. Vivyo hivyo Opinel ya Ufaransa, kisu cha mpini wa mti alichokibuni Joseph Opinel huko Savoie mwaka wa 1890. Na hicho mpaka leo kinauzwa.

Kisu kilichoandikwa mara nne, tena kikapigiwa mstari, ni Okapi.

Wengi wetu tunakijua, au tumekiona kwa wazee. Mpini wake ni wa mti, umetiwa alama ndogo za mwezi na nyota za madini, na mgongoni mna pete ya kuvuta unapotaka kukikunja. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka wa 1902, makusudi kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na bara ya Tanganyika wakati huo ilikuwa mikononi mwao. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka wa 1890, lakini sidhani kama kisu kinachoingia mfukoni mwa baharia huuliza mpaka uko wapi. Jina walilitoa kwa mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya ndio kwanza walikuwa wamempa jina la kisayansi, mwaka wa 1901. Baadaye Wajerumani wakaacha kukitengeneza, na katika miaka ya 1980 kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Kwa hivyo Okapi mpya zipo, ila zile za Ujerumani haziongezeki tena hata moja.

Basi kwa nini ami hakununua, naye alikutana nazo mara nne? Katika daftari sababu ni ile ile mara zote: "Rahisi. Vipo vingi."

Hapa ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu. Tumezoea kudhani kwamba kitu cha kuogopewa kupotea ni kile cha ghali. Mimi naona ni kinyume chake. Kitu cha ghali kina walinzi. Hufungiwa kabatini, hutajwa katika wasia, ndugu hukigombania. Jambia la fedha la bwana mkubwa halikupata kutumbulia samaki, ndiyo maana leo lingali lipo. Kisu rahisi hakina mlinzi. Hunolewa juu ya jiwe asubuhi na jioni mpaka bapa likawa jembamba kama jani la mwarobaini, mpini ukapasuka, ukafungwa kwa uzi, kisha kikatupwa na kikanunuliwa chengine. Hakuna aliyekosea. Kilinunuliwa kwa kazi, na kazi kimeifanya. Lakini mkusanyaji anayengoja mpaka kisu kiwe adimu ndipo akinunue, huyo amekwisha kuchelewa. Kisu cha kununua leo ni kile anachokiona kwa kila mtu.

Nilipoyasema haya darasani, wenzangu wawili walinipinga. Mmoja alisema kwamba Okapi ina sifa mbaya, kwani huko Jamaika na Afrika Kusini imejulikana sana kuwa silaha ya wahuni. Ni kweli, wala sikanushi. Panga nalo limepata kufanyiwa maovu, na bado sijaliona shamba la Unguja lisilokuwa na panga. Wa pili alisema, kitu kinachouzwa kwa wingi ukinunue ukiweke cha nini? Hiyo ni israfu. Huyu wa pili sikumjibu, kwa sababu maneno yake nimepata kuyasema mimi mwenyewe, tena mbele ya mtu mzima.

Ilikuwa Disemba, kaskazi imeanza kuvuma. Nilitumwa samaki dikoni. Mzee mmoja, mvuvi wa mshipi, alikuwa akikata chambo ubavuni mwa ngalawa, na alipokikunja kisu chake nikaona mwezi na nyota. Nilisogea. Maandishi ya juu ya bapa yalikuwa yamelika, lakini yalisomeka ya kutosha kunijulisha kwamba kile ni cha Ujerumani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza kama anakiuza. Akacheka. Akasema alipewa na marehemu baba yake, aliyekuwa baharia wa majahazi, lakini shida haina adabu, na kama nakitaka kweli nimpe shilingi 15,000. Mfukoni nilikuwa na akiba yangu, shilingi 20,000, mbali na fedha za samaki nilizopewa nyumbani. Badala ya kuzitoa, nikasema kwa ujuvi, "Babu, kipya Darajani ni rahisi kuliko hivyo. Vipo vingi."

Mzee hakukasirika. Alinijibu, "Basi kanunue kipya, mwanangu," akaendelea kukata chambo chake. Mimi nikaondoka nikiona nimeshinda.

Usiku nilimhadithia ami, nikitazamia asifu werevu wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: huyo marehemu alikuwa baharia wa jahazi gani? Alikinunua bandari gani? Alikwenda nacho wapi? Sikuuliza hata moja. Ami hakunikaripia. Alifungua daftari kurasa za nyuma, akanipa kalamu.

Nilirudi dikoni siku ya pili, na ya tatu, na kila siku kwa muda wa wiki nzima. Mwisho nikamkuta kijana wa umri wangu ameinama juu ya changu, anawatumbua kwa kisu kile kile. Ni mjukuu. Akaniambia babu yake anaumwa, haendi tena baharini. Nilimtolea shilingi 20,000 zote. Alinitazama kama mtu asiyefahamu lugha. "Nikikupa, nifanyie kazi na nini?" Nikamwuliza juu ya baba wa babu yake na jahazi lake. Hajui. Asema ajuaye ni babu, na siku hizi babu hasemi sana.

Wako watakaosema kisu kile kiko mahali pake. Nakubali, tena nimefurahi kwamba hakimo mkebeni mwa ami kimelala ndani ya kitambaa. Kinachoniuma ni yale masuali matatu. Kisu ningalikikosa na bado nikayapata majibu yake bure, kwa kukaa tu pale mchangani robo saa nikamwacha mzee azungumze. Nilishughulika na bei.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako, Bwana Mhariri, na kwa wenzangu. Sisemi tulete visu skuli. Nasema kila mmoja wetu atazame jikoni kwao, au mfukoni mwa babu yake, au katika kapu la nyavu, achague kisu kimoja cha kawaida kabisa, aandike nani alikinunua, wapi, kwa bei gani, na kimefanya kazi gani. Karatasi hizo ziwekwe katika maktaba yetu. Hazitagharimu fedha, na kabati moja litatosha.

Yangu nimekwisha kuianza: Okapi ya Ujerumani, dikoni Malindi, shilingi 15,000, sikununua, nilidhani vipo vingi. Mahali pa jina la jahazi nimepaacha wazi. Ijumaa, baada ya sala, nitakwenda kumjulia hali yule mzee. Nitachukua machungwa na daftari. Fedha nitaziacha nyumbani.