Kutapika Uwanjani Sio Ushujaa

Hapa Kakuma kuna sheria moja ya mazoezi ambayo haijaandikwa popote lakini kila kijana anaijua: usipotapika, hujafanya kazi. Mchezaji akiinama pembeni ya uwanja, wenzake wanapiga makofi. Akiomba kukaa kivulini, anaitwa mtoto wa mama.

Sisi tunaosaidia timu za bloku zetu tunasema hapana. Kutapika baada ya mazoezi sio cheti cha nguvu. Ni mwili unasema kuna kitu kimepangwa vibaya, na mara nyingi aliyekipanga sio huyo kijana.

Tuanze na mwili wenyewe. Ukikimbia, damu nyingi inaenda kwenye misuli, na nyingine inaenda kwenye ngozi ili joto litoke. Tumbo linabaki na damu kidogo, kwa hiyo chakula kilichomo kinakaa tu. Hapo kichefuchefu kinaanza. Jua likiwa kali, ngozi inadai damu zaidi. Ukiwa umepungukiwa maji, damu yenyewe haitoshi kugawana. Ndiyo maana mbio ulizozimaliza vizuri saa kumi na mbili asubuhi zinaweza kukuangusha saa nane mchana. Wewe ni yule yule, jua ndilo sio lile. Na huku Turkana nyuzi 35 ni siku ya kawaida.

Wengine watasema shida ni vijana kula ovyo. Kweli, ukijaza sahani ya ugali na maharagwe halafu ukimbie baada ya nusu saa, utarudisha yote. Mlo mkubwa unahitaji masaa mawili au matatu kwanza. Lakini tuongee ukweli, jamani. Tangu mgao upunguzwe, shida ya wengi wetu sio kushiba. Mtu ameamka na chai ya rangi, na hiyo hiyo ndiyo anakuja nayo uwanjani jioni. Sukari ikishuka mwilini anatetemeka, anapata kizunguzungu, tumbo linasokota. Kumwambia huyo "kaza roho" ni kumdanganya. Kocha, uliza kabla ya filimbi: nani hajala leo? Aliyenyoosha mkono apewe mazoezi mepesi, au awe mwamuzi siku hiyo, na mtu asimcheke.

Kuna hoja nyingine tunasikia sana: mbona wakimbiaji wa Kakuma walifika Olimpiki kwa kuteseka hivi hivi? Tuangalie vizuri. Timu ya kwanza ya wakimbizi, Rio 2016, ilikuwa na watu 10, na 5 walitoka hapa kwetu, akiwemo dada yetu Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera. Lakini hawakujiandaa kwenye vumbi la hapa saa nane. Walipochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kwenye baridi, chini ya Tegla Loroupe. Miguu ilikuwa ile ile ya Kakuma. Walipewa mahali pazuri na ratiba nzuri, ndipo dunia ikawaona.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunaongea na nyinyi pia. Asante kwa mipira na jezi. Lakini mechi za mashindano zinapangwa mchana wa jua kali, kwa sababu magari lazima yarudi kabla ya giza. Wasichana ndio wanaumia zaidi: jioni wavulana wameshika uwanja, kwa hiyo wao wanapewa saa nane, wengine wakiwa wamejifunika mwili mzima. Bajeti ina fulana na bango, maji ya kunywa timu itajijua, na wakati huo bomba la bloku limeshafungwa. Halafu msichana akianguka tunaambiwa hana mazoezi. Anzeni mechi saa moja asubuhi. Punguzeni fulana, leteni jerikeni.

Kwa upande wetu, kuna mambo hayahitaji pesa. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri kiu halafu umeze lita nzima kwa mkupuo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha. Mgeni wa joto hili, au aliyetoka kuugua, aanze pole pole kwa wiki moja au mbili. Mkimaliza mbio msijitupe chini, tembeeni dakika 5 hadi 10 ili damu irudi kutoka miguuni. Aliyetapika apumzike, anywe kwa vijiko: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha. Na kama anatapika hata siku ambayo hakucheza, au ana homa, hayo sio mambo ya mazoezi. Aende apimwe malaria.

Moja msisahau kabisa. Mchezaji akianza kuongea ovyo, kupepesuka kama mlevi, kuzimia, au mwili umekuwa moto sana, joto limempiga, na hilo linaua. Mtoeni juani, mvueni jezi, mwagieni maji mwili mzima na mpepeeni, huku mwingine anatafuta gari la kliniki. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

Tunapenda mpira kwa sababu ni moja ya sehemu chache hapa kambini ambapo hatupangi foleni. Basi tusiugeuze kuwa sehemu nyingine ya kuumizwa. Makapteni, kubalianeni na makocha wiki hii kuhusu saa ya kuanza na nani analeta maji. Na atakayetapika kesho asipigiwe makofi, apelekwe kivulini.