Raia, bunduki na nduru katika machimbo ya Osiri

Dhahabu ni mali isiyo na jina la mwenyewe. Ng'ombe ana alama, pikipiki ina nambari, simu ikiibwa huweza kufuatiliwa. Chembe ya dhahabu ikishatoka mfukoni mwa mchimbaji haina dalili yoyote ya kumrudisha kwake. Mwaka wa 2025 bei ya madini hayo katika soko la dunia ilipita dola 4,000 kwa aunsi, yaani zaidi ya dola 120 kwa gramu moja, na gramu hiyo ni ndogo kuliko punje ya hindi. Osiri, katika kaunti ndogo ya Nyatike, Migori, ni mojawapo ya machimbo ambako watu wengi hushika mali ya namna hiyo mikononi mwao bila kabati la chuma, bila benki jirani, na kwa kawaida bila askari karibu.

Nyatike si ngeni kwa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Macalder ulichimbwa tangu enzi za ukoloni hadi ukafungwa mwaka wa 1966, na baada ya kampuni kuondoka wachimbaji wadogo waliendelea na mashimo yao. Mwamba hutolewa shimoni kwa magunia, husagwa kwenye kinu, huoshwa, kisha mchanga hukamatishwa kwa zebaki hadi kibonge cha dhahabu kipatikane. Katika kila hatua mali hupungua ukubwa na kupanda thamani. Gunia la mawe si rahisi kukimbia nalo. Kibonge kilichochomwa hutoshea chini ya ulimi. Kwa hiyo hatari haijaenea sawasawa katika siku ya mchimbaji: hukusanyika saa chache, kati ya kuchoma zebaki na kumfikia mnunuzi, na tena kati ya kulipwa na kufika nyumbani. Mwenye duka la M-Pesa, mama anayepikia wachimbaji na mwendesha boda boda wa usiku wamo katika saa zizo hizo, kwa kuwa fedha za dhahabu hupitia kwao kabla ya kutawanyika. Upande wa Homa Bay, kaunti jirani ya ziwani, kitu kinachowindwa ni kingine, injini ya mashua na nyavu, lakini hali ni ileile: mali ghali, giza, na msaada ulio mbali.

Hapo ndipo huzuka hoja kwamba raia wa kawaida angepewa bunduki kwa urahisi zaidi, majambazi wangefikiri mara mbili. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa sheria ilivyo na kwa mahali palivyo.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka wa 1954. Haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Humpa nafasi ya kuomba cheti. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu ya msingi, na afisa wa leseni aridhike kwamba hatakuwa hatari kwa umma. Mlevi wa kupindukia na asiye na akili timamu hukataliwa. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha, na mwishoni mwa mwaka wa 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wakaguliwe upya. Wenye leseni ni wachache mno. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva, katika makadirio yake ya mwaka wa 2017, ilihesabu silaha zipatazo 750,000 mikononi mwa raia wa Kenya, na zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Zilizobaki ziko nje ya daftari. Zinazonaswa, serikali huziteketeza hadharani mara kwa mara. Mwaka wa 2021, huko Ngong, zilichomwa zaidi ya 5,000 kwa siku moja. Kulinganisha hizo zilizochomwa na zilizo nje ya daftari kunatosha kuonyesha umbali uliobaki.

Kwa Osiri, swali la leseni huishia ukutani, tena ukuta wenyewe ni wa mabati. Risasi ya bastola ya milimita tisa hupenya bati na ubao, hupenya na ukuta mwembamba wa udongo, na ikikosa kizuizi huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Katika kambi ya wachimbaji vyumba hushikana bega kwa bega. Anayefyatua akiwa mlangoni mwake anafyatua pia kuelekea kitanda cha jirani. Kanuni nne ambazo kila mkufunzi wa silaha huanza nazo zinasema bunduki yoyote ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wake usielekezwe kwa kisichokusudiwa kupigwa, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi shabaha iwe tayari, na mpigaji ajue kilicho nyuma ya shabaha. Kanuni ya nne peke yake inatosha kuizuia bastola isitumike usiku katika makazi kama hayo. Kisha kuna kuitunza. Silaha yenye leseni hutakiwa kufungiwa mahali salama, na chumba cha kupanga chenye kufuli moja la dukani hakina mahali hapo. Mwizi aliyefuata gramu mbili za dhahabu akiondoka na bastola, kijiji kizima kimepoteza zaidi ya mwenye chumba.

Upo upande wa pili, nao si mwepesi. Mfanyabiashara wa Nairobi ana leseni, ana ukuta wa mawe, ana kampuni ya ulinzi inayofika kwa kubonyeza kitufe. Mchimbaji wa Nyatike huambiwa apige nduru. Katika shambulio la Westgate la Septemba 2013, raia wenye bastola zao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa waliokwama, na tangu hapo hakuna anayeweza kudai kwamba silaha ya raia haina faida kamwe. Lakini wale walikuwa watu waliofanya mazoezi ya shabaha kwa muda mrefu, kwa gharama ambayo mchanga wa Osiri haulipi. Ukosefu wa usawa upo kweli. Dawa yake ni kuuleta ulinzi karibu na maskini, kwa kuwa kumgawia kila mtu chombo ambacho mafunzo yake hayamudu kungeongeza tu idadi ya maiti wa bahati mbaya.

Wengine hutafuta njia ya katikati kwa vifaa vidogo. Hapa sheria ni kali kuliko wauzaji wanavyosema: maana ya silaha katika Sura ya 114 inagusa pia chombo kilichoundwa kurusha maji au gesi ya kudhuru, pamoja na kile cha kupiga watu shoti ya umeme. Kopo la pilipili linalouzwa mtandaoni kama kitu cha mkobani, kwa hiyo, halina usalama wa kisheria ambao mnunuzi anaudhania. Bunduki bandia ya kutishia nayo ni kosa, na mbele ya jambazi mwenye bunduki halisi ni njia ya haraka ya kupigwa risasi.

Kuhusu nguvu yenyewe, raia wengi hudhani sheria huwafunga mikono kuliko inavyowafunga. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kumlinda mtu au mali kutaamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law). Msingi unaotajwa zaidi mahakamani ni wa kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Baraza la Siri mjini London: anayeshambuliwa anaruhusiwa kujitetea kwa nguvu inayohitajika, na mahakama haitamdai apime kwa mizani ya dhahabu kiasi cha pigo lake wakati roho iko mkononi. Mahakama za Afrika Mashariki zimekwenda hatua zaidi kwa kukubali kwamba aliyeua akijitetea kwa dhati, lakini akapita kiasi, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Tofauti hiyo ni miaka mingi ya maisha ya mtu.

Mpaka unaowaponyoka watu wengi ni ule wa wakati. Mwizi aliyeinua panga mlangoni na mwizi yuleyule aliyelitupa na kukimbia ni watu wawili tofauti mbele ya jaji. Aliyempiga wa kwanza alijilinda. Aliyemfukuza wa pili hadi mtoni na kumpasua kichwa ana kesi, hata kama gunia la mawe lilikuwa lake halali. Vifungu vya 34 na 35 vya Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha vinamwamuru amkabidhi polisi bila kukawia.

Nduru, basi, ndiyo silaha kuu ya Osiri, nayo ina hatari zake. Sauti ikipigwa usiku watu hutoka na tochi, rungu na panga, na mara nyingi hilo peke yake huwatawanya wezi. Ila umati uliofika kwa nduru haujui nani alianza. Humwona mtu anayekimbia. Mgeni aliyekuja kutafuta kazi ya kuvuta mawe, asiyejulikana kwa jina wala kwa ukoo, hana wa kumsemea, na machimbo hujaa wageni wa aina hiyo kila dhahabu inapopanda bei. Kwa sababu hii zoezi la kwanza la kujilinda kijijini lingefaa kuwa la kukubaliana, mchana kweupe, ni nani atakayeshika usukani umati ukifika: nani atapiga simu 999 au 112, nani atasimama kati ya mshukiwa na mawe, nani atabaki kulinda watoto.

Eneo hili lina historia ya mpango kama huo kufaulu na kuharibika. Kundi la walinzi wa vijiji la Sungusungu lilizuka Usukumani na Unyamwezini, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera kuacha bunduki nyingi mikononi mwa wezi wa mifugo. Serikali ya huko ililitambua kisheria mwaka wa 1989. Wakuria wa upande wa Kenya, majirani wa Nyatike ndani ya kaunti hiyohiyo ya Migori, walilianzisha kwao mwaka wa 1998 kwa kushirikiana na machifu, na wizi wa ng'ombe ukapungua sana. Jina hilohilo lilipofika Gusii lilikwenda njia nyingine: vijana waligeuka watoza ada na wauaji wa kukodiwa, na mwaka wa 2010 Sungusungu likawekwa katika orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku pamoja na Mungiki, Chinkororo na Baghdad Boys. Ujasiri haukuwa ndio uliozitofautisha sehemu hizo mbili. Uzito wa jambo ulikuwa katika uangalizi: baraza la wazee na chifu waliojua majina ya walinzi, dhidi ya vijana waliojilipa wenyewe. Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa majirani ulioigwa kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania na kuanzishwa Kenya mwaka wa 2013, uliundwa kwa wazo la kujuana; katika kambi ambamo wapangaji hubadilika kila mwezi, hauwezi kufanya kazi bila daftari. Fuo za Homa Bay zimetangulia hapa. Kamati za usimamizi wa fuo, zinazoitwa BMU, husajili mashua na wafanyakazi wake, na chombo kisichorudi hujulikana. Shimo la dhahabu linahitaji orodha ya namna hiyo, ya wanaoshuka na ya walinzi wa zamu, na Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016, iliyomtambua mchimbaji mdogo na kumfungulia mlango wa kibali, inaipa kamati ya wachimbaji mahali pa kuanzia.

Kwa mtu mmoja mmoja, mengi yamo katika kupunguza zile saa za hatari. Dhahabu huuzwa mchana, karibu na kinu, mbele ya mashahidi wawili wanaoaminika, na malipo huingia kwenye simu kuliko kubebwa noti. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Njia na saa ya kurudi hubadilishwa. Mlango hupata komeo la ndani na taa ya sola nje. Akitokea mwenye bunduki anayetaka simu na pesa, hupewa: sheria inaruhusu kupigania mali, busara ya kubaki hai hairuhusu.

Unyanyasaji wa kingono haumo katika hesabu hiyo, maana hapo hakuna cha kukabidhi. Huko Korogocho, Nairobi, wasichana na hata ajuza wamefundishwa kupiga kelele mapema, kukataa kwa sauti, kulenga macho, koo na kinena, kisha kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 katika jarida la Pediatrics uliona visa vya kushambuliwa kingono vilivyoripotiwa na wasichana waliofunzwa vikishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka. Mafunzo hayo huhitaji uwanja wa shule na mkufunzi, gharama ndogo kuliko ya bastola moja.

Maandalizi yanayosahaulika zaidi ni ya damu. Aliyekatwa mshipa mkubwa wa mkono au mguu huweza kufa kwa dakika chache, kabla boda boda haijapita matope ya kwenda hospitali ya Macalder. Kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa uzito wa mwili wote bila kukiinua kuchungulia. Ikishindikana, kitambaa kipana kifungwe juu ya jeraha, kati yake na kiwiliwili, kikazwe kwa kipande cha mti hadi damu ikome, na saa ya kukaza iandikwe. Kila kinu kingestahili kuwa na mtu mmoja anayejua kufanya hivyo.

Baada ya tukio huja makaratasi, na kesi nyingi hufia hapo. Ripoti huandikwa kituoni na mlalamikaji hupewa nambari ya OB. Aliyejeruhiwa hujaziwa fomu ya P3 na mhudumu wa afya. Aliyebakwa haogi wala kufua nguo. Huenda hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, bila kulazimika kupitia polisi kwanza, na simu ya bure 1195 humwelekeza. Aliyejeruhi mtu akijitetea naye huenda kuripoti mwenyewe, siku hiyohiyo, akiwa na mashahidi na panga la mshambulizi likiwa halijaoshwa.