Ufunguo wa biro yetu uko kwa nani?



Mwezi wa nne, depo ikiwa imejaa mahindi na mnunuzi wa Kalemie akingoja orodha ya kilo, biro yetu ya hapa Kiambi ilikaa siku tatu bila wifi. Mnara ulikuwa umesimama, rezo kwenye telefone ilikuwa inashika, batri ya jua ilikuwa imejaa. Kilichotufunga ni programu ile ile tuliyowekewa ili itusaidie kusimamia mtandao. Ilikuwa imepandishwa toleo jipya, na toleo jipya lilikataa kutufungulia.

Tunaandika haya kwa sababu tunajua biro yetu haiko peke yake. Koperative nyingi hazina jengo. Biro ni chumba kimoja katika nyumba ya sekretere: meza, ordinatere moja, daftari za mizani, batri chini ya meza, na ukutani kale kasanduku kanakogawa wifi, tunakaita ruta. Kwenye hiyo wifi wanaingia prezida, mtunza pesa, agronomu, na watoto wa nyumba wakishajua neno la siri. Mega zinanunuliwa kwa michango ya wanamemba. Ndiyo sababu tulihitaji programu ya kusimamia: ituonyeshe nani ameingia, nani anakula mega, na tuweke mpaka ili orodha ya kilo ipite kabla ya video.

Toleo la zamani lilifanya kazi hiyo bila makelele. Lilikaa ndani ya ordinatere yetu, na ulilifungua hata siku forfe imeisha, kwa sababu ordinatere na ruta vilikuwa vinasikilizana vyenyewe ndani ya chumba. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, vya kubonyeza vichache. Mama mtunza pesa, ambaye hakusomea mambo ya ordinatere, alijifunza kwa asubuhi moja tu. Kijana akija kulalamika, "Mama, mbona umenifunga?", alikuwa anamjibu: "Mega iko ya mahindi, haiko ya mpira."

Halafu siku moja kakatokea kadirisha kwenye kioo: toleo jipya liko tayari, unakubali? Sisi maagronomu, tuliosoma, ndio tulibonyeza "ndiyo". Tuseme ukweli huo mbele ya mengine yote. Hatukuuliza komite, hatukusoma masharti, tulidhani kila kipya ni bora. Programu ikaanza kushuka, ikala forfe ya mwezi mzima kabla ya jioni. Ilipomaliza, ikaigeuzia ruta mipangilio, wifi ikafunga. Ikaomba tufungue konti yenye anwani ya barua pepe, na konti hiyo inahakikishwa kwenye intaneti. Basi ikawa ili kutengeneza mtandao lazima kwanza uwe na mtandao!

Tukanunua inite nyingine kwa telefone. Namba ya kuhakikisha ikatumwa kwenye anwani ya fundi wa muradi aliyetufungia ruta siku ya kwanza, ambaye mkataba wake ulishaisha na hatujui yuko wapi. Tulipopata njia ya kuingia, siku ya tatu, mipaka yote ya mega ilikuwa imefutika, maneno yamekuwa Kiingereza, na ruta ya pili, ile ya depo, imeandikwa kwamba ni ya zamani mno, programu haiitambui tena.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya mashini, sisi wakulima yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mnunuzi hakupata orodha, akapakia kwanza mahindi ya wengine. Wanamemba wakangoja malipo juma nzima. Wenye haja ya haraka, mwenye mgonjwa na mwenye mtoto aliyefukuzwa shule, wakauza kwa wachuuzi wa njiani kwa bei ya wachuuzi. Kibaya zaidi, maneno yakaanza kuzunguka kijijini: "Komite imekula feza, wanasingizia mashini." Koperative inaweza kupona hasara ya mega. Wanamemba wakipoteza imani, inachukua misimu mingi kuirudisha.

Kilichotuokoa ni daftari. Sekretere alikaa chini, akafungua daftari ya mizani, akanakili majina na kilo kwa mkono, akapiga picha kwa telefone yake mwenyewe na kutuma. Kazi ya saa mbili. Tulipoteza siku mbili kushindana na mashini kabla ya kukumbuka kwamba kilo zote zilikuwa kwenye karatasi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi tukatae matoleo mapya. Ruta isiyopata matengenezo ni mlango bila kufuli. Mwaka 2018 iligunduliwa programu mbaya, VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine vidogo vya mtandao visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54, nyingi zikiwa za nyumba na biro ndogo kama yetu. Ordinatere nazo zina mwisho wao: Windows 10, inayotumika bado katika biro nyingi, muda wake wa kawaida wa kupata kinga mpya uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kukaa na cha zamani milele hakuwezekani.

Tunajua pia sababu ya programu hizi kuhamia kwenye intaneti. Fundi aliye Kalemie anaweza kuona ruta ya Kiambi bila kupanda motika siku nzima na zaidi kwenye matope. Boti zinazopanda Luvua kutoka Ankoro huishia hapa kwetu, na tumezoea fundi na kipuri kufika polepole. Msaada wa mbali ni kitu kizuri. Lakini mlango wa mbali usifungwe kwa kuziba mlango wa karibu. Aliye ndani ya chumba, mbele ya ruta, aweze kuifungua na kuipanga hata kama hakuna mega hata moja.

Hapa tunarudi kwenye kazi yetu ya shamba. Muhogo mpya unaovumilia ugonjwa wa mozaiki ukiletwa, hatung'oi shamba zima siku hiyo. Tunapanda kipande kidogo, tunaangalia msimu mmoja, tunapika, tunaonja, huku miti ya zamani iko bado. Na mkulima anaamua mwenyewe. Kwa nini basi kwenye biro tunakubali kung'olewa shamba zima kwa kubonyeza mara moja?

Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010 na kutumika kwetu Kongo tangu nchi ilipoingia OHADA Septemba 2012, inataja kanuni za ushirika. Kati yake kuna mamlaka ya wanamemba, uhuru wa koperative, na haki ya kupata mafundisho na habari. Kwa maoni yetu, kanuni hizo haziishii kwenye bei na kura. Kama neno la siri la ruta liko kwenye barua pepe ya mtu wa muradi, na komite haijui, uhuru huo una tundu.

Kwa miradi inayotusaidia, pamoja na shirika letu linalotoa jarida hili, tunaomba mambo matatu. Msituletee programu isiyofunguka bila intaneti. Konti ifunguliwe kwa jina la koperative, si la fundi. Na muradi ukitaka tupandishe toleo, bajeti ilipe pia mega za kulishusha na siku ya kumfundisha mtunza pesa, kwa lugha anayoielewa.

Kwa upande wetu, hivi ndivyo tulivyokubaliana na komite:

1. Jina la konti na neno la siri vimeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sanduku la pesa. Watu wawili wa komite wanajua iliko.

2. Kabla ya toleo lolote, tunahifadhi mipangilio ya ruta na programu ya zamani kwenye kifimbo cha USB. Mambo yakiharibika, tunarudi tulikotoka.

3. Hakuna kupandisha toleo wakati wa mavuno na mauzo. Tunangoja miezi iliyotulia, batri ikiwa imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta inaweza kufa kabisa.

4. Kwenye ordinatere tumeweka alama kwamba mega zetu zinahesabiwa, ili isishushe vitu vikubwa bila kutuuliza. Tukumbuke pia kwamba kuna programu zisizojali alama hiyo, kwa hiyo macho yawe wazi.

5. Kilo zinaandikwa kwanza kwenye daftari, halafu kwenye ordinatere. Daftari haiombi neno la siri.

6. Anayebonyeza "ndiyo" ameuliza komite kwanza. Hili linawahusu maagronomu kuliko wote.

Mama mtunza pesa amejifunza toleo jipya, lakini sasa inamchukua hatua nyingi kumfunga mtu mmoja, na maneno mengine amelazimika kuyaandika kwenye kikaratasi alichobandika ukutani. Alituuliza swali ambalo bado hatujapata jibu lake: "Hii mashini, waliigeuza kwa faida ya nani? Mimi sikuomba kitu."

Tunawaachia swali hilo kwa mkutano wenu mkuu ujao. Kabla ya mkutano, kila komite iulize jambo moja dogo: neno la siri la ruta yetu liko wapi leo? Kama hakuna anayejua, anzieni hapo, wakati mahindi yangali shambani.