Deni Letu kwa Bibi Titi Mohamed



Vijana wetu wa Morogoro washukapo Dar es Salaam hupita katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nao huijua vyema kwa sababu ya basi na maduka. Lakini ukiwauliza mwenye jina hilo alikuwa nani, wengi hunyamaza. Mwezi huu twapenda kuwakumbusha wazazi habari zake, ili wapate kuwasimulia watoto, na ili sisi sote tujipime katika jinsi tunavyowatendea wanaotutumikia.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Alisoma Kurani, kisha akapata miaka minne tu ya shule. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, akaolewa angali kijana mdogo. Hakuwa na cheti kikubwa wala mali. Alichojaliwa ni sauti nzuri na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Alikuwa akisoma maulidi, tena akiongoza kwa sauti katika ngoma ya wanawake iliyoitwa Bomba.

Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja, alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akauliza: je, wanawake wenu wako wapi? Hapo ndipo kikafunguliwa kitengo cha wanawake, na Bibi Titi, aliyekwisha kujiunga pamoja na mumewe Boi Selemani, akapewa kukiongoza. Oktoba ya mwaka ule ule Oscar Kambona aliandika kwamba katika miezi mitatu wanawake 5,000 wamekwisha kuingia.

Yafaa tujiulize: aliwapataje? Hakuanza kwa kutafuta mtu mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, kwa kuwa vikundi hivyo vilikuwa na wakubwa wao, michango yao, na desturi ya kuzikana na kusaidiana katika arusi. Akishakubali kiongozi, kundi zima humfuata. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, hata waume wengi wenye elimu wakafunga midomo kwa kuchelea kazi zao. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi barazani hakuwa na barua ya ajira ya kunyang'anywa. Basi aliyedharauliwa ndiye aliyeweza kunena.

Mwaka 1962, baada ya Uhuru, ilipoundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa pia Mbunge na Waziri Mdogo.

Labda msomaji atasema: mambo hayo ni ya Pwani, sisi wa milimani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mji wetu huu wa Morogoro ulitawaliwa na mwanamke kabla Mjerumani hajafika. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wenye boma la mawe, na mtawala wake alikuwa Simbamwene, binti Kisabengo. Na huko juu Uluguru, kwa desturi ya Waluguru ukoo na ardhi huhesabiwa kwa upande wa mama. Mkoloni alipowalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani, yakafukua udongo usio na rutuba na kuzidisha kazi, watu walikataa, hata ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955, na mpango ule ukaachwa. Jembe lililopewa amri ile lilikuwa mikononi mwa akina mama kama lilivyokuwa mikononi mwa akina baba. Kwa hiyo mwaka ambao Bibi Titi alikuwa akiwakusanya wanawake wa Dar es Salaam, wanawake wa milima yetu hawakuwa wamelala.

Wako wasemao kwamba mwanamke kushika uongozi wa mambo ya watu ni kuiacha nyumba. Sisi hatudharau neno hilo, kwa kuwa nyumba ni amana. Lakini twawauliza wasemao hivyo: madrasa inapotaka mikeka mipya, ni nani azungukaye nyumba kwa nyumba kukusanya shilingi? Panapokuwa na msiba, ni nani ajuaye mfiwa yupi hana unga? Kazi wamekwisha kuishika zamani. Kinachokosekana ni jina lao katika daftari la kamati na neno lao wakati wa kuamua. Mwaka 2021 Bi. Samia Suluhu Hassan, Mwislamu wa Zanzibar, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Na sisi twaona ajabu mama kuwa mweka hazina wa madrasa!

Sasa tuje kwenye sehemu chungu ya habari hii. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa uchaguzi huko Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Naye alikuwa na nyumba, akajiuzulu. Oktoba 1969 akakamatwa, akashitakiwa pamoja na wengine kwamba walitaka kuipindua serikali. Alikana. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa kwa msamaha wa Rais. Alipotoka, ndoa ilikuwa imevunjika, na wengi waliokuwa wakimshangilia hawakubisha hodi. Akaishi kimya miaka mingi. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, ndipo akatajwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, Johannesburg, Afrika Kusini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hatutaki hapa kuamua upya kesi ya mahakamani. Lakini hukumu ya mahakama ni jambo moja, na jirani kuacha kubisha hodi ni jambo jingine. Serikali haikumwamuru mtu asimpelekee mwenzake bakuli la uji. Kuna nini basi kilichowazuia? Hofu. Na hofu ile ile i katikati yetu: mtu akiwa na cheo twamjaza sifa, akianguka twavuka njia tusikutane naye. Dini yetu imetufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mola wake. Na shukrani haikuwekewa sharti la kwamba mwenye kushukuriwa awe bado juu.

Kwa hiyo tunatoa nasaha tatu kwa kila nyumba isomayo ukurasa huu. Kwanza, binti asitolewe shuleni wala madrasani kabla hajamaliza. Bibi Titi alifanya makubwa kwa miaka minne, lakini hatujui mabinti wangapi walizimika kwa kukosa hata hiyo. Pili, kamati za madrasa na za misikiti yetu ziwaandike akina mama watendao kazi, wapewe hesabu na haki ya kusema. Tatu, kila mtaa una bibi mzee aliyetumikia watu zamani, naye sasa amekaa peke yake. Ijumaa hii mpelekeeni watoto wenu, wamsalimu, wamsikilize, na wakirudi wawaelezeni walichosikia. Deni la marehemu hatuwezi kumlipa mwenyewe. Lakini wenzake walio hai wapo, wala hawako mbali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikisha. Wassalaam.