Umri wa Injini na Utumwa wa Tarakimu

Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao hao walituonya kwamba haraka haraka haina baraka. Mwalimu huzifundisha methali hizi katika vipindi tofauti, na mwanafunzi hazioni zikigombana. Lakini mwenye ndege ndogo katika uwanja wa Orly, huko Kajiado, huzisikia zote mbili siku moja, yaani siku anapoambiwa kwamba injini yake imetimiza umri.

Umri upi? Tuchukue injini ya Lycoming O-320, iliyofungwa katika ndege nyingi za Cessna 172 za miaka ya 1970. Aghalabu mtengenezaji hupendekeza ifunguliwe yote, ipimwe na kukarabatiwa baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Vipuri vyake hulipiwa kwa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Uchakavu wa injini haukubadilika, ila mzigo wa mwenyewe ulibadilika sana.

Mimi si fundi wala rubani. Kazi yangu ni maneno. Neno linalonishughulisha ni hilo "hupendekeza". Kupendekeza si kuamuru. Nchini Marekani, mwenye ndege ya binafsi isiyofanya biashara halazimishwi na sheria kuitii tarakimu hiyo maadamu ukaguzi unaonyesha injini ni nzima. Hapa kwetu wa kuulizwa ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Hata hivyo, popote pale swali la msingi ni moja: je, tuamini kalenda au tuamini ushahidi?

Ushahidi upo. Chujio la oili hukatwa na kuchunguzwa kama lina chembe za chuma. Mgandamizo wa kila silinda hupimwa. Kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu la plagi ili vali zionekane. Tena, kuifungua injini nzima kuna hatari yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia C. H. Waddington alichunguza ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi, akagundua kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya matengenezo ya kawaida, kisha zikapungua. Mkono unaotengeneza huweza pia kuharibu.

Je, basi mwenye ndege ajikalie? La hasha! Injini isiyoruka huoza kimyakimya. Katika injini nyingi za Lycoming, kamshafti iko juu, na ndege ikikaa bila kuruka oili huichuruzika ikabaki wazi kwa kutu. Ndege yenye saa 600 tu, iliyolala miaka mingi, huenda ikawa hatari kuliko iliyofikisha saa 1,900 ikiruka kila wiki bila kukosa. Na chini yake kuna watu. Nyanda za Kitengela, ambako zamani rubani aliyezimikiwa na injini angepata nyasi tupu za kutua, sasa zimejaa nyumba, nyua na shule. Anayeahirisha ukarabati kwa sababu ya bei, huku chujio lake likimwonyesha chuma, haamini ushahidi. Anaikwepa gharama tu, na atakayelipa huenda ni mtoto wa jirani.

Walimu wanalijua jambo hili vyema. Mwaka wa 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hakuna mwalimu aliyepata akili mpya usiku huo, wala hakuna atakayeipoteza siku atakapotimiza 60. Tarakimu hutusaidia pale ambapo hatuna nafasi ya kumchunguza kila mmoja. Hugeuka kuwa bwana wetu tunapokuwa na nafasi hiyo tukakataa kuitumia.

Kwa hiyo methali zetu mbili hazigombani. Ya kwanza yahusu ufa ulioonekana. Ya pili yahusu ukuta mzima ambao mtu anataka kuubomoa kwa kuwa tu umezeeka. Anayetaka kujua yumo katika methali ipi, kwanza aukague ukuta.