Rola za Baiskeli Zifundishe Mizani, Si Kuvuta Pedeli

Mwezi Septemba 2025 Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, ikiwa ni mara ya kwanza katika bara la Afrika. Tukitaka vijana wetu washindane katika uwanja huo, hatuna budi kuwafundisha kwa elimu iliyopimwa, wala si kwa mazoea.

Chombo kimoja cha mafunzo ya ndani ni rola, yaani silinda tatu zilizolazwa katika fremu. Mbili hubeba gurudumu la nyuma, na moja hubeba la mbele. Mkanda huunganisha silinda ya mbele na mojawapo ya zile za nyuma, hivyo magurudumu yote mawili huzunguka pamoja. Baiskeli haifungwi popote. Mwendeshaji hubaki wima kama afanyavyo barabarani: mwili uegemeapo upande mmoja, hupinda usukani kidogo upande huo huo, ili magurudumu yarudi chini ya uzito wake. Lakini njia yake hapa ni nyembamba mno. Akanyagaye kwa kishindo huyumba papo hapo. Azungushaye kwa utulivu hukaa katikati.

Wako makocha wanaoongeza kwamba mguu unaopanda sharti uvute pedeli juu. Utafiti hauwaungi mkono. Mwaka 1991 Edward Coyle na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa waendeshaji bora huwazidi wengine kwa kukanyaga chini kwa kani kubwa zaidi, si kwa kuvuta. Mwaka 2007 Thomas Korff na wenzake waliwataka waendeshaji wavute pedeli: kani ilienea vizuri zaidi katika mzunguko, lakini mwili ulitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ile ile.

Kwa hiyo yafaa rola zitumike kufundisha mizani, utulivu wa kiwiliwili na wepesi wa miguu. Mguu unaopanda usiulemee ule unaoshuka, hilo latosha. Anayeanza ajizoeze kando ya ukuta, na chumba kipitishe hewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati ya mwili hugeuka joto, na hapa hakuna upepo wa safari.

Fundi chuma hodari, mwenye mabomba yaliyonyooka na beringi, aweza kuunda chombo hiki. Kilicho adimu ni mafunzo yanayokubali kusahihishwa na vipimo. Kijana anayemaliza pumzi zake kwa kuvuta pedeli hunyang'anywa ushindi na mwalimu wake mwenyewe.